Wiki Sita za Kukaza Mashavu

— Umenitolea ulimi! Mimi! Asubuhi yote hii, hata kikombe cha kwanza sijamaliza!

— Sikukutolea wewe.

— Ulimtolea nani basi? Ukuta? Hapa chini ya dirisha lako tulikuwa wawili tu, mimi na Birika, na Birika alikuwa ameinama anapuliza makaa. Ulimi umetoka mpaka kidevuni, nimeuona mpaka shina lake!

— Nimekwambia sikukutolea wewe, Hakimu. Nilikuwa najitazama kwenye kioo.

— Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, anajitolea ulimi mwenyewe kwenye kioo?

— Ulimi ni wangu, kioo ni changu, dirisha ni langu. Na hilo benchi ulilokalia ni langu pia. Punguza sauti kabla hujajikuta umekaa chini.

Hilo la benchi lilikuwa kweli tupu. Marehemu mume wa mwenye dirisha, aliyekuwa seremala, alilipigilia mwenyewe akaliegemeza ukutani chini ya dirisha la chumba cha mbele, ili jioni akae yeye na mkewe wapunge upepo. Alipofariki, wanaume wa mtaa wakalirithi bila kuuliza mtu, kama kunguru wanavyorithi mti. Mwisho wa benchi, upande wa njia, Spana aliweka beseni lake la maji na pampu yake. Huyo ni fundi baiskeli na mdogo wa marehemu, kwa hiyo alijiona ana haki ya ukoo. Povu, kinyozi, alikuwa na kibanda chake ng'ambo ya njia, lakini kiti chake cha kunyolea kilipoa kila siku mpaka saa nne kwa sababu mwenyewe alikuwa huku. Birika, muuza kahawa, alikuja na jiko la makaa, birika refu na vikombe visivyo na masikio. Na Hakimu hajapata kuhukumu hata kuku. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini, akibeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile, na maneno mazito yakamganda mdomoni kama ukoko wa sufuria. Mwanamke aliyetoka nje na kusimama mbele yao na kioo kidogo mkononi, kitambaa kimempinda kichwani, wote walimwita Mama Dirisha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati iliyo mwisho wa barabara, akiandika kadi za wagonjwa.

— Mheshimiwa, alisema Spana bila kuinua macho kutoka kwenye tyubu aliyokuwa anaikwangua, soma mashtaka yote. Ulimi ni mmoja tu?

— Leo ni mmoja, alisema Hakimu. Lakini shauri hili lina historia. Wiki mbili zilizopita alinibusu.

Birika aliyekuwa anamimina kahawa alisahau kuacha. Kikombe kikajaa, kikamwagika, kikaendelea kumwagika.

— Nani alikubusu?

— Huyu. Kutoka dirishani. Alielekeza uso juu kwa haya, akatoa midomo, mwa, mwa, mwa. Mara kumi! Nilihesabu. Kesho yake, saa ileile, mara kumi tena.

— Ndiyo maana! Povu alipiga paja lake. Ndiyo maana mzee anakuja kunyolewa mara mbili kwa wiki! Nikasema moyoni, kichwa chenyewe kina nywele kumi na nne, anakimbilia nini?

— Na shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake, aliongeza Spana.

Mama Dirisha alihisi damu ikimpanda shingoni. Shati lile jeupe alikuwa ameliona. Alidhani mzee amefiwa, hata akakusudia kumpa pole.

— Hakimu, sikiliza vizuri, maana sitarudia. Lile ni zoezi la shingo. Unatazama juu, unatoa midomo kama unataka kuibusu dari, unahesabu mpaka kumi. Nilikuwa nabusu dari.

— Dari? alisema Hakimu, na sauti yake ikawa ndogo.

— Dari.

— Kwa hiyo mimi nimepiga pasi wiki mbili kwa ajili ya dari.

Kicheko kilipasuka. Povu alilala ubavu juu ya benchi. Birika alijifuta macho kwa kitambaa cha kushikia birika na kujipaka masizi. Hakimu peke yake hakucheka, alikuwa anakifungua kifungo cha juu cha shati, polepole, kama mtu anayevua cheo.

Mama Dirisha hakucheka pia. Angeweza kurudi ndani na kufunga dirisha, na kesho kutwa jambo lote lingekuwa hadithi ya mtaani. Lakini alikuwa amelala vibaya, na leo ilikuwa siku yenyewe. Alichomoa karatasi mfukoni, ile aliyoiandika mwenyewe wakati binti yake anamsomea kwa simu kutoka mbali, akaikunjua mbele ya pua ya Hakimu.

— Soma, wewe msomi wa mahakama. Usije ukasema kesho nimekukonyeza, maana jicho nalo lina zoezi lake.

Hakimu alivaa miwani.

— "Moja. Jaza mashavu hewa, hamisha kulia na kushoto, mara ishirini. Mbili. Toa ulimi mpaka kidevu, shikilia. Tatu. Busu dari." Kweli, imeandikwa dari. "Nne. Bana mashavu kwa vidole, kisha tabasamu dhidi ya vidole. Tano. Fumbua macho sana bila kukunja paji la uso. Asubuhi na jioni, kila siku. Misuli ikijaa, ngozi itakaza."

— Ndiyo hayo, alisema Mama Dirisha. Mazoezi ya uso. Watu wananyanyua vyuma wakaze mikono, mimi nakaza mashavu. Mmeridhika?

Spana alijaza mashavu yake hewa, akahamisha kulia, akahamisha kushoto, macho yakamtoka kama ya chura. Kicheko kikaanza upya.

— Mnacheka! Mama Dirisha alipiga benchi kwa kiganja, vikombe vikaruka. Haya, chekeni vizuri, na hili mlichekee. Wiki sita zilizopita msimamizi wetu mpya aliniita ofisini. Kijana ambaye ningeweza kumzaa na bado nikabaki na nafasi ya mdogo wake. Akaniambia, "Mama, wagonjwa wanalalamika. Wanasema uso wako una hasira. Mashavu yameshuka, mdomo umeshuka, mtu akifika dirishani anadhani amekosea. Nakupa wiki sita uuchangamshe. La sivyo utahamia chumba cha mafaili, na dirishani nitaweka sura changa."

Kicheko kilikatika. Tyubu aliyokuwa ameishika Spana ilitoa sauti ya kupumua.

— Alisema hivyo? aliuliza Birika.

— Hivyo hivyo. Leo ndiyo mwisho wa wiki ya sita. Saa nane zamu yangu inaanza. Ataniangalia usoni kama mnunuzi wa nyanya, kisha aamue. Na chumba cha mafaili mnakijua? Hakina dirisha hata la kupitisha mkono. Kina balbu moja na vumbi la miaka arobaini. Mwenzangu mmoja walimpeleka humo akiwa amebakiza miaka mitatu astaafu, kama mimi sasa. Siku anaaga, mlinzi wa getini alimuuliza kama ni mgonjwa mpya.

Hilo la mlinzi hakuwahi kumwambia mtu. Alikasirika zaidi kwa kulisema mbele ya wanaume wanne.

Wakati huo mwanamke mmoja alifika akikokota baiskeli. Alikuwa muuza mayai. Trei tatu za mayai alikuwa amezifunga nyuma, na gurudumu la mbele limelala kabisa. Alisalimia, akaitikiwa nusu nusu. Spana alimwonyesha kwa kidole mwisho wa benchi, akalifungua gurudumu, akatoa tyubu na kuizamisha kwenye beseni. Muuza mayai alikaa na trei zake mapajani.

— Suala hili, alisema Hakimu, ambaye alikuwa ametafuta njia ya kurudi kwenye heshima yake, linahitaji hekima. Dada, tatizo ni njia uliyochagua. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Niiname? Nikiinama ndiyo mashavu yote yanakuja mbele! Juzi nimeinama juu ya kioo, nimemwona marehemu mama mkwe.

— Mama yangu alikuwa mzuri, alisema Spana.

— Alikuwa na miaka tisini, shemeji.

— Niacheni niseme mimi, alisema Povu, kwa sababu hapa ni mimi tu ninayeshika nyuso za watu kwa kazi. Mnajua kwa nini sisi wanaume hatuporomoki mapema? Wembe! Wembe unaishtua ngozi kila asubuhi. Ngozi inasema, alaa, kuna vita, inajikaza. Ya mwanamke haishtuliwi na mtu, inalala. Paka akiondoka panya hutawala. Nyama ikiondoka shavuni, mikunjo inatawala.

— Kwa hiyo dawa ni ninyoe ndevu.

— Si ndevu. Wembe mkavu tu, bila povu, mara moja kwa siku. Njoo kibandani, mama, sikutozi kitu.

— Na wewe mwenyewe unayenyoa kila siku, hiyo mifuko chini ya macho umebebea nini?

— Hiyo ni ya usingizi, alisema Povu, akajishika mifuko.

— Nyote hamjui ufundi, alisema Spana. Uso ni mnyororo wa baiskeli. Mnyororo ukilegea, hukazi mnyororo wenyewe. Unavuta gurudumu la nyuma. Sasa shemeji, wewe unahangaika na mashavu, ambayo ni mnyororo, unaacha gurudumu la nyuma.

— Gurudumu la nyuma la uso ni lipi? aliuliza Birika kwa heshima.

— Masikio! Spana alikata kipande cha tyubu kuukuu, akakivuta mbele yao mpaka kikalia. Unapitisha mpira huu nyuma ya masikio, unafunga kisogoni, unalala nao. Asubuhi uso umekaza, ukiugonga unalia ti.

— Atakuwa hawezi kufumba macho, alisema Povu.

— Ndiyo uchangamfu wenyewe! Si wanataka uchangamfu dirishani?

Mama Dirisha alimwangalia shemeji yake, akakumbuka kwamba huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya mazishi. Ilimsaidia kutompiga na pampu.

— Mimi naona ni mvuke, alisema Birika. Mnitazame mimi. Miaka kumi na minane nakaa juu ya mvuke wa kahawa. Ngozi yangu haina mkunjo hata mmoja.

— Una miaka mingapi kwani?

— Arobaini na mbili.

Walitazamana. Wote walikuwa wamemhesabia sitini, na Hakimu alikuwa akimpisha njia kama mzee mwenzake.

— Hebu tuendelee, alisema Hakimu haraka. Nitawapa mfano hai. Pale mahakamani kulikuwa na mwendesha mashtaka, miaka sitini na mbili, uso laini kama goti la mtoto. Siri yake? Hakuwahi kushangaa. Ukimwambia mtu ameua ukoo mzima, anasema, "Enhe." Ndipo nikagundua. Kila binadamu anazaliwa na idadi yake ya kukunja uso. Amepangiwa. Ukiimaliza, umeimaliza, ngozi inakata tamaa. Na wewe dada, unaimaliza kwa makusudi! Ishirini asubuhi, ishirini jioni! Kufikia mwisho wa mwaka utakuwa huna hata sura ya kukopesha mtu.

— Haba na haba hujaza kibaba, alikubali Povu.

— Uongo, alisema Spana, na sasa alikuwa amesimama na tyubu ya muuza mayai inachuruzika maji mkononi. Ni ardhi. Ardhi inavuta! Mtu akizeeka ardhi inamwita, na inaanza na mashavu kwa sababu hayana mfupa wa kukatalia. Dawa ni kulala miguu juu ya ukuta, kichwa chini, ardhi ivutie upande wa pili.

— Mashavu yaende yakakae wapi? Kwenye paji la uso?

— Yatagawana.

— Na macho?

— Macho yatapisha!

Walikuwa wanapiga kelele wote kwa pamoja sasa. Uso wa Mama Dirisha ulikuwa umegeuka kiwanja, kila mmoja anaupima kwa hatua zake. Povu alinyoosha kidole hadi karibu na taya lake kuonyesha wapi panapoanza kushuka. Hakimu alisema hapana, panaanzia chini ya jicho. Mwenye uso alisimama katikati yao na hakuna aliyemwangalia. Ndipo Spana, aliyedhani anafariji, akasema:

— Lakini tuseme ukweli, shemeji, umechelewa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Nani amekauka?

— Sikusema umekauka.

— Umesema samaki! Mama Dirisha alimkaribia mpaka Spana akakanyaga beseni lake. Sikilizeni, nyinyi wanne. Nimeamka alfajiri siku arobaini na mbili. Nimevuta mashavu haya mpaka taya linauma nikitafuna. Na yamekaza! Kidogo, lakini yamekaza, nayajua kwa vidole vyangu. Shingo imegoma, iko palepale, siwadanganyi. Mimi sikuomba kuwa msichana. Nilitaka kubaki dirishani. Mwenye homa akija, nimwandike jina bila kumuuliza mara tatu. Mwenye mtoto anayetapika nimwambie akae wapi. Eti nichangamke! Mtu amebebwa mgongoni, amegeuza macho, mimi nimchekee nini? Nimkaribishe harusini?

Povu alirudisha kidole chake mfukoni.

— Nilitegemea hata mmoja wenu aseme kijana yule amekosa adabu. Mmoja tu. Mmenipa wembe, mmenipa mpira wa baiskeli, mmenilaza kichwa chini. Yeye kaniambia uso wangu mbaya, na nyinyi mnabishana umeanza kuwa mbaya kuanzia wapi!

Hakimu alijikohoza. Alikuwa ameanza kusema "wahenga", akaacha.

— Samahani, alisema muuza mayai.

Wote waligeuka. Walikuwa wamemsahau. Alikuwa amezikumbatia trei zake, na mbele yake gurudumu lake lilikuwa limelala bila tyubu, kwa sababu tyubu ilikuwa inamchuruzikia Spana viatuni.

— Baiskeli inakuja, mama, sasa hivi, alisema Spana.

— Siulizii baiskeli. Nimesikia habari ya dirisha la zahanati. Mimi nimefika pale mara mbili mwaka huu, na mwanangu wa kifua. Muuza mayai alimtazama Mama Dirisha vizuri, bila haraka. Kusema kweli uso wako siukumbuki, dada. Nisikudanganye. Nakumbuka kuna mtu aliniambia nisikae mlangoni, upepo utamzidishia mtoto, nikae pembeni ya kabati. Ni wewe?

— Ni mimi. Kila mwenye kifua namweka pale.

— Haya. Sasa mimi nauliza kitu kidogo tu, mnisamehe, sijakaa kwenye mazungumzo yenu tangu mwanzo. Huyo mgonjwa aliyelalamika ni nani?

Makaa yalilia ndani ya jiko. Ng'ambo ya njia mteja alikuwa amekaa mwenyewe kwenye kiti cha Povu, amejifunga shuka shingoni, anasubiri.

— Nani aliyelalamika, alirudia Birika taratibu, kama anaonja maneno.

— Maana mimi, alisema muuza mayai, mtu akija akasema nilimuuzia yai bovu, sibishani naye. Na siendi nyumbani kujilaumu. Namwambia, lilete nilione. Kama ni bovu, nampa jingine. Wengi hawarudi.

Spana alimtazama Povu. Povu alimtazama Hakimu. Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati lake jeupe, akaivaa tena.

— Jina la mlalamikaji, alisema, liko ukurasa wa kwanza. Kila faili. Hata kesi ya mbuzi aliyekula mahindi. Nimebeba mafaili miaka thelathini, na sikuuliza. Dada, nisamehe. Nilikuwa na hasira ya dari.

Mama Dirisha hakumsikia vizuri. Alikuwa amerudi ofisini mwa msimamizi, wiki sita nyuma, amesimama na mikono mbele. "Wagonjwa wanalalamika." Yeye alisema nini? Alisema, "Sawa." Akaenda nyumbani moja kwa moja, akachukua kioo, na kioo kikakubaliana na yule kijana. Tangu hapo hakuuliza mtu kitu chochote isipokuwa kioo. Siku arobaini na mbili. Pale dirishani anawajua wote, kwa majina, kwa magonjwa, kwa mitaa yao. Alianza kuwapitisha kichwani mmoja mmoja. Bibi wa presha? Yule humletea salamu za mjukuu. Dereva wa kidonda? Yule humwita mama. Alipita foleni nzima ya miaka ishirini na sita, na hakumwona aliyekunja uso.

Hasira aliyokuwa nayo asubuhi ilikuwa imetawanyika. Kidogo kwa Hakimu, kidogo kwa Spana, nyingi kwa mashavu yake mwenyewe. Sasa aliisikia inajikusanya, inatafuta njia moja.

— Birika, nipe kahawa.

Birika aliinamisha birika. Lilitoa tone moja, kisha machicha.

— Imekwisha, mama. Nyingine niliimwaga wakati wa busu.

— Basi. Aliikunja karatasi ya mazoezi kwa nne, akairudisha mfukoni. Spana alishangaa.

— Utaendelea nayo, shemeji?

— Nitaendelea. Mashavu ni yangu, na taya limeanza kuzoea. Ila kioo nitakihamishia ukuta wa ndani, asije mzee wa watu akafa kwa pasi. Na wewe funga tyubu ya huyu mama kabla mayai hayajaangua vifaranga.

— Saa nane bado, alisema Povu. Ndiyo kwanza saa nne.

— Sitangoja aniangalie saa nane. Nakwenda kumwangalia mimi sasa.

— Nije niwe shahidi? aliuliza Hakimu, na alikuwa ameshafunga tena kifungo cha juu.

— Wewe ulishuhudia mabusu yasiyokuwepo. Kaa hapo.

Lakini alimgusa bega alipopita, na mzee akakaa.

Barabara ya kwenda zahanati haikuwa ndefu. Mbele ya duka la vitabu vya shule alijikuta anafanya kile alichokuwa akikifanya hapo kila siku kwa wiki sita. Ncha za mdomo zilikuwa zinapanda zenyewe, nyusi zinapanda, kama mtu anayepandisha suruali iliyolegea kabla ya kuingia kwa watu. Alisimama. Akauacha uso ushuke wote, kila kitu kikae kinapopenda kukaa. Ukawa mwepesi. Akaendelea.

Dirishani alikuwa amekaa binti mpya wa zamu ya asubuhi, mwenye midomo iliyopakwa rangi na kadi kumi mkononi asizojua zinaanzia wapi. Foleni ilikuwa imefika mpaka mlango wa nje. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama penye upepo na mtoto anayekohoa.

— Pembeni ya kabati, alimwambia akipita. Si hapo. Pembeni ya kabati.

Mwanamke alihama. Watu wa foleni waligeuka, mmoja akasema, "Afadhali amekuja," na mwingine akanyanyua kadi yake juu aonekane. Hakusimama. Alipita mbele ya chumba cha mafaili, mlango wake umefungwa kwa kamba, akafika mwisho wa ukumbi, akagonga mara moja na kufungua kabla hajaitikiwa.

Msimamizi alikuwa anakunywa chai. Aliinua macho, akamwona amejaa mlangoni, akaweka kikombe.

— Shikamoo mama. Zamu yako si saa nane? Na mbona leo umekuja na sura hiyo?

— Ndiyo niliyo nayo, alisema Mama Dirisha. Sasa niletee mgonjwa aliyeikataa.